Kompyuta ya Tajeu Inasubiri

Kwamsisi, Handeni
6 Mei 2024

Shemeji Ukasha,

Sukari uliyoleta siku ya maziko tumeitumia mpaka juzi, na kila tulipokunywa chai tulikutaja. Mimi na wanangu wawili, Siamanta na Nkoile, tu wazima, ila uzima wenyewe ni wa kuamka tu na kulala.

Nakuandikia kuhusu kompyuta ya marehemu, ile aliyoachiwa na mradi wa mifugo, ambayo wewe mwenyewe uliiwekea mfumo wa Linux baada ya virusi kuimaliza. Tangu Tajeu afariki Februari nilikuwa nimeifungia kwenye sanduku la bati. Juzi nimeitoa nikaiunga kwenye betri ya sola. Inaonyesha alama yake, vitone vinakimbia chini ya alama, halafu basi. Niliiwasha wakati wa kukamua nikakaa nayo hadi saa nne, vitone bado vinakimbia. Nikizima na kuwasha tena ni yale yale.

Ndani yake kuna video. Mwaka jana Tajeu alisimama zizini akawaonyesha ng'ombe mmoja mmoja na kusema ni wa nani: huyu wa nyumba ya Resian, huyu nimempa Siamanta alipoota meno, huyu wa mdogo wake Nkoile. Wazee watatu walikuwepo. Mmoja amekufa, wa pili amehama na mifugo yake hatujui yuko wapi, wa tatu siku hizi anakunywa chai kwa Loishiye, mdogo wake Tajeu, na ghafla hakumbuki kitu.

Loishiye anasema kwa kuwa sina mtoto wa kiume, ng'ombe wote ni wake. Wazee wa ukoo watakaa Jumamosi tarehe 8 Juni kuamua. Bila video ile nina mdomo wangu tu, na wameshaniambia mdomo wangu hautoshi.

Simu yangu ni ya kitochi, haipigi picha, na humu bomani nikiongea na simu kila mtu anasikia. Barua nampa Matayo anayepeleka maziwa Handeni kwa pikipiki, yeye anampa kondakta wa basi la Korogwe. Nijibu kwa njia hiyo hiyo. Niambie tu nifanye nini, nitafanya.

Shemeji yako,
Resian


Korogwe
10 Mei 2024

Shemeji Resian,

Pole sana, na pole tena. Sikujua kwamba Loishiye angegeuka hivyo. Siku ya maziko alilia kuliko sisi sote.

Sasa sikia, usihangaike. Kompyuta ikikwama pale kwenye vitone haijafa, imegoma tu. Mimi kazi yangu ni kubembeleza waliogoma. Fanya hivi. Izime kabisa, toa betri. Mgongoni kuna kifuniko chenye skrubu mbili, kifungue. Utaona kipande chembamba cha kijani chenye meno ya dhahabu. Kichomoe, chukua kifutio cha mtoto wa shule, futa yale meno taratibu mpaka yang'ae, kirudishe mpaka kilie "ta". Usicheke, mafundi wa Korogwe nzima tunakula kwa kifutio hicho.

Ikigoma tena, vikianza tu vitone bonyeza Esc, kile kitufe cha juu kabisa kushoto. Alama itatoweka yatokee maandishi. Niandikie mstari wa mwisho, herufi kwa herufi, hata kama huuelewi. Kompyuta ya Linux haina siri, inasema yenyewe inakoumwa.

Na nitajie ng'ombe wako wangapi, ili video ikifunguka tujue kama imekamilika.

Itawaka. Nimefufua zilizooza kuliko hiyo.

Shemeji yako,
Ukasha


Kwamsisi
15 Mei 2024

Shemeji Ukasha,

Idadi sikupi. Wewe umekaa na Tajeu darasa moja miaka minne na bado hujui kwamba ng'ombe hawahesabiwi? Tunawajua kwa sura. Asipokuwepo mmoja jioni, zizi lenyewe linasema. Ndiyo maana hakuna daftari wala orodha, na ndiyo maana Tajeu alipiga video.

Kifutio nimeazima kwa mwalimu. Meno yameng'aa kweli, lakini vitone vimerudi. Nikabonyeza Esc. Maandishi yakashuka mengi, kisha yakasimama, na mstari mmoja chini ukabaki unacheza. Nimeunakili mara mbili ili nisikosee:

A start job is running for /dev/disk/by-label/ENKANG

Mbele yake kuna dakika na sekunde zinazohesabika, halafu alama ya mkwaju (/), halafu no limit. Nilipoacha zilikuwa zimefika dakika arobaini.

Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, ila ENKANG nalijua, si Kiingereza. Ni boma kwa Kimaa, ni nyumbani. Nilipoliona nilishtuka, nikamwita Siamanta aje aone baba yake ameandika nyumbani. Kwa nini limo humo?

Kuna jambo lingine. Loishiye amekuja na karatasi, na mwenyekiti wa kijiji. Anataka tuyamalize kabla ya kikao. Nikiweka sahihi nabaki na ng'ombe wawili, Keri na Mugie, na ndama wao, na wanangu hawataguswa. Wengine wote wanakwenda kwake. Ni kidogo sana, lakini ni maziwa ya kila siku. Amenipa mpaka mwisho wa wiki ijayo. Kama una shaka hata kidogo na kompyuta hii niambie, nitaweka sahihi. Utakavyosema wewe ndivyo nitakavyofanya.

Resian


Korogwe
19 Mei 2024

Shemeji,

Barua imefika. Samahani naandika kwa ufupi, nina safari ya Makuyuni.

Mstari huo unasema kompyuta inasubiri diski iitwayo ENKANG, na imeambiwa isubiri bila kikomo. Tajeu ndiye aliyeiamuru hivyo, sijui kwa nini.

Hivi marehemu alikuwa na diski ya nje? Kisanduku cheusi, cha ukubwa wa kiganja, chenye waya? Huenda si kitu. Nauliza tu.

Karatasi ya Loishiye usiitie sahihi kwanza. Nipe siku chache. Itawaka.

Ukasha


Kwamsisi
24 Mei 2024

Shemeji Ukasha,

Sikuweka sahihi. Niliirudisha karatasi mbele ya mwenyekiti nikasema kompyuta itawaka na itasema yenyewe. Loishiye akaikunja.

Kisanduku cheusi nakikumbuka sana. Alikuwa akikichomeka kila alipokaa na kompyuta. Baada ya kusoma barua yako nilipekua sanduku la bati, nikapekua kitanda, nikatoa hata ngozi nje. Hakipo. Mtu aliyeingia nyumbani kwangu wakati wa msiba na kushika vitu vya Tajeu ni mmoja, na aliondoka na rungu na blanketi la ndugu yake kwa haki. Sasa najua aliondoka na nini kingine.

Nimemwambia. Jana kisimani, mbele ya wanawake na wazee wawili, nilimwambia Loishiye kwamba ni mwizi, amemwibia maiti. Wazee wamekasirika. Wamesema kama nina madai hayo, na kompyuta nayo naweza kuichezea, kwa hiyo wameichukua na kuifungia kwa mwenyekiti. Itafunguliwa siku ya kikao tu, mbele ya watu wote, nami ndiye nitakayeiwasha.

Niandikie basi kila hatua, kwa herufi kubwa, maana nitasoma huku wananitazama. Na niambie wazi: bila kisanduku itawaka?

Resian


Korogwe
30 Mei 2024

Shemeji,

Bila kisanduku kompyuta itawaka. Hilo naapa.

Fuata hivi. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, hapo hapo gonga Esc mfululizo mpaka itokee orodha. Mstari wa kwanza ukiwa umewaka rangi, bonyeza herufi e. Teremka mpaka mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, andika maneno niliyokuandikia kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya pili, kisha F10. Itakupeleka kwenye kioo cheusi. Hapo andika mistari miwili ya kalamu ya kijani, mmoja mmoja, kila mmoja na Enter. Litafunguka faili fupi. Tafuta mstari wenye ENKANG, uweke alama ya reli (#) mwanzoni mwake. Usifute kitu, weka reli tu. Hifadhi kama nilivyochora, zima, washa. Haitasubiri tena.

Kuhusu Loishiye, usiseme sana. Mtu anaweza kuwa mkosaji kwa jambo moja asiwe kwa jingine.

Ningekuja mwenyewe, ila kuna kazi moja hapa siwezi kuiacha, ni usiku na mchana.

Ukasha


Kwamsisi
9 Juni 2024

Fundi Ukasha,

Imewaka.

Nilisoma karatasi yako mbele ya wazee, kidole changu kwenye mstari. Nilikosea mara moja nikarudia. Niliweka reli. Nilizima, nikawasha, vitone vikakimbia kidogo tu, kabla hata sijavuta pumzi kioo kikafunguka chenye picha ya Siamanta amebeba mwanambuzi. Wanawake nyuma yangu walipiga kelele. Na mimi nilicheka, fundi. Nilicheka mbele ya Loishiye.

Tajeu alikuwa ameweka alama ya folda katikati ya kioo, imeandikwa ENKANG. Nikaifungua. Haina kitu. Nikaifunga nikaifungua. Mwenyekiti, ambaye ana kompyuta kwake, akaja akatafuta kila mahali, nusu saa nzima. Hakuna video. Hakuna hata picha ya ng'ombe mmoja.

Loishiye akasimama, akasema maneno machache. Kwamba yeye alinipa ng'ombe wawili na ndama wao kwa hiari yake nikawakataa. Kwamba nimemwita mwizi kisimani na hajawahi kuiba. Kisha akavua shuka, akamwapia ndugu yake kaburini kwamba kisanduku hajakiona. Kwetu mtu haapi hivyo kwa mchezo. Nilipomtazama nilijua anasema kweli.

Wazee wameamua. Ng'ombe wote ni wa Loishiye. Na kwa kumsingizia nimetozwa faini ya mtamba, nami sina mtamba, kwa hiyo nitamfanyia kazi ya kukamua mpaka masika yajayo.

Nakuuliza jambo moja. Uliponiuliza habari za kisanduku cheusi ulitaja ukubwa wake na waya wake. Mimi nilikuwa sijakuambia kwamba kipo. Ulikijuaje?

Resian


Korogwe
14 Juni 2024

Resian,

Nimechana karatasi nyingi kabla ya hii.

Folda uliyoifungua ilikuwa mlango tu wa kisanduku, video yenyewe ilikaa humo, na Tajeu alikileta kisanduku dukani kwangu tarehe 19 Januari. Mdomo wa waya ulikuwa umelegea. Tulikunywa kahawa, akaniambia atakipitia siku ya mnada, nikakitengeneza siku ile ile nikakiweka kwenye rafu. Kisha yeye akafariki, nami nikaja kuzika, nikarudi, na wala sikukumbuka kwamba kitu chake kipo nyuma ya mgongo wangu.

Dukani nina tangazo ukutani, kila fundi analo: kifaa kisichochukuliwa ndani ya siku tisini hatuwajibiki nacho. Mwishoni mwa Aprili nilisafisha rafu. Visanduku vyeusi vilikuwa vitano, karatasi za majina zimebanduka kwa joto. Nilivichomeka kimoja kimoja nikavifuta vyote. Kimoja kilipojitokeza kwenye kioo kilikuwa na jina ENKANG. Nililiona. Nilidhani ni jina la kiwanda. Sekunde moja tu ya kufungua na kutazama, Resian, ningeuona uso wa Tajeu. Sikufungua. Nilibonyeza ndiyo, nikakijaza filamu, nikamuuzia mtu wa kibanda cha video kule Makuyuni.

Barua yako ya tarehe 15 Mei iliponifikia na neno lile, nilikaa chini sakafuni. Nilijua siku ile. Ningekuandikia siku ile ungeweka sahihi, ungekuwa na Keri na Mugie. Badala yake nilikimbilia Makuyuni kukitafuta, nikakipata, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikichimba kwa kila programu ninayoijua. Nilijidanganya kwamba nitaitoa video kabla ya kikao na hutajua kamwe. Ulipomwita Loishiye mwizi nilisoma, nikanyamaza, kwa sababu jina lililokuwa likitafutwa lilikuwa langu.

Niliogopa. Sina neno jingine zuri zaidi.

Niko tayari kuja kusimama mbele ya wazee niseme yote. Niambie siku.

Ukasha


Korogwe
20 Julai 2024

Resian,

Hujajibu, na sidai unijibu. Matayo ameniambia barua ilikufikia mkononi.

Nilikuja Kwamsisi tarehe 2 mwezi huu. Nilimwona mwenyekiti, akaniitia wazee wawili, nikawaeleza. Walinisikiliza vizuri, wakanipa maziwa. Wakasema sasa wanajua kwamba Loishiye si mwizi, na kwamba wewe ulidanganywa, kwa hiyo wamekuondolea faini. Lakini kuhusu ng'ombe wamesema mimi siwezi kusema kilichokuwa ndani ya video ambayo sikuitazama. Ni kweli, siwezi. Wewe ulikuwa machungani. Sikuwa na uso wa kukusubiri.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi. Filamu zimekanyaga karibu kila kitu, lakini juzi kimetoka kipande kimoja, sekunde kumi na nne. Ni Tajeu zizini, kofia yake ya bluu, ameshika pembe ya ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe. Anaongea Kimaa na sauti ni safi kabisa. Anakwenda haraka, sielewi anachosema wala sipambanui majina, lakini anamwonyesha ng'ombe kwa kidole, kwa hiyo anagawa. Nimelia kama mtoto. Hata kama ni mmoja, shemeji, huyo mmoja wapelekee wazee. Hawawezi kuikataa sauti ya mwenyewe.

Ukasha


Kwamsisi
3 Agosti 2024

Ukasha,

Flashi imefika. Kompyuta inawaka vizuri, haina tatizo lolote.

Uliandika kwamba huelewi anachosema. Anasema hivi: "Na huyu mwekundu msimhesabu wa kwangu. Huyu ni wa Loishiye, baba alimpa. Nikifa, mdogo wangu asidhulumiwe."

Ndicho kilichobaki.

Nilikaa nacho siku mbili peke yangu. Nilifikiri kukifuta, najua sasa namna ya kufuta. Kisha Loishiye alipita nje ya ukuta akaisikia sauti, akaingia bila hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaniomba nirudie. Nilirudia mara sita. Alikaa chini akalia kwa kelele, ameshika kichwa, akiita jina la kaka yake, na mimi nikalia naye, na kwa muda ule mfupi nilidhani atasema neno kuhusu ng'ombe wa wanangu. Alipomaliza akanishukuru, akaenda kuwafungulia ng'ombe.

Usije tena kwa wazee. Usinitumie sukari wala kitenge wala kifaa chochote. Sikuchukii kama unavyodhani, nimechoka tu, na jina lako likitajwa nachoka zaidi. Mkinifuata na huruma mnanipa kazi ya kuwapokea. Faini imefutwa, lakini bado nakamua kwa Loishiye asubuhi na jioni, ili wanangu wapate maziwa. Keri bado hanitolei maziwa yote mpaka nimwimbie, hajui kwamba si wangu tena.

Siamanta ana miaka mitano, uso wa baba yake unaanza kumpotea. Kwa hiyo anakiomba kile kipande kila siku, nami nampa, nitamnyimaje? Maneno yote ameyashika. Jana nilimkuta nje amepanga mawe yake ya kuchezea, kila jiwe ng'ombe, ameweka mkono mmoja kiunoni kama Tajeu na anayagawa kwa kidole: huyu ni wa Loishiye, na huyu ni wa Loishiye, na huyu. Nilisimama mlangoni na kibuyu mkononi nikamwacha amalize.

Resian